Mafuta ya kusubiri: London hadi Amsterdam kwa A320

Jumapili moja ya Novemba, saa nne usiku kwa saa za Dar es Salaam, nilitua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, nikiwa na kilo 1,030 za mafuta kwenye matangi ya Airbus A320. Ukizisikia unaweza kudhani ni nyingi. Kwa ndege ile ni dakika 27 za kubaki angani, na sheria inataka ukigusa ardhi uwe na za dakika 30.

Hakudhurika mtu, maana hakukuwa na mtu. Ndege ilikuwa kwenye kompyuta, chumbani kwangu, na abiria wake walikuwa tarakimu tu. Nimo kwenye ule mtandao wa VATSIM, ambako watu wa nchi mbalimbali hurusha ndege za kuigiza na wengine wakajitolea kukaa kwenye minara kama waongoza ndege. Hali ya hewa inavutwa kutoka dunia halisi, njia za anga ni zilezile, na kanuni za kupanga safari tunazifuata kadiri kila mtu anavyojua. Usiku ule nilijua kidogo kuliko nilivyodhani.

Mtaani kwetu kuna mzee mstaafu ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupanga safari za ndege: si rubani, ni yule anayekaa ofisini na kuandaa karatasi ambazo rubani huzikuta tayari. Nilimpelekea mpango wangu kesho yake. Baada ya shikamoo akavaa miwani, akasoma kimya, kisha akauliza swali moja.

"Ndege ikifika ikaambiwa isubiri, itasubiri kwa mafuta ya nani?"

Sikuwa na jibu. Yafuatayo ni yale tuliyoyachambua barazani kwake, pamoja na niliyoyahesabu mwenyewe baadaye. Kilo zote ni za kukadiria kwa A320 ya kawaida. Shirika halisi lina majedwali yake.

Tuanze na safari yenyewe. Heathrow, uwanja wa London, hadi Schiphol ni kama kilomita 370 kwa mstari ulionyooka, pungufu kidogo ya Dar es Salaam hadi Dodoma kwa anga. Ndege hukaa hewani dakika 45 hivi, ingawa ratiba za mashirika huandika saa moja na robo au zaidi. Pengo hilo lilipaswa kunishtua mapema. Nusu saa nzima imewekwa kwa ajili ya mambo yasiyo kuruka.

Njia haikunisumbua. Kutoka Heathrow unapaa na kuelekea Brookmans Park, kituo cha redio cha kuongozea ndege kilichoko kaskazini mwa London, unashika njia ya anga Q295 hadi nukta iitwayo BRAIN, kisha M197 hadi REDFA, na hapo unaingia mikononi mwa Waholanzi. Majina haya ya herufi tano si lazima yawe na maana. Yametungwa ili yatamkike redioni. Ramani zake hutolewa upya kila baada ya siku 28 duniani kote, kwa hiyo mpango ulionakili mwezi jana unaweza kukataliwa leo. Mwenyewe nilinakili, na kwa bahati ulikuwa haujabadilika.

Urefu nao ulikuwa rahisi. Anayekwenda mashariki huchukua maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, anayekwenda magharibi yanayogawanyika, ndivyo wanavyopishana. Nilichagua futi 25,000. Kuna wanaoshangaa kwa nini usipande hadi 37,000 ambako injini hula kidogo. Sababu ni kwamba ndege inahitaji kilomita mia moja na thelathini, arobaini hivi kupanda mpaka futi 25,000, na kama hizohizo kushuka. Katika safari ya aina hii kinachobaki katikati ni dakika kumi. Ukipanda zaidi unaanza kushuka kabla hujamaliza kupanda.

Basi mpaka hapo niko sawa. Kosa lilikuwa kwenye mafuta, na lilianzia kwenye hali ya hewa.

Saa moja kabla ya kuondoka nilisoma ripoti ya Schiphol. Ripoti hizo hutoka kila nusu saa, dakika ya 25 na ya 55. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, wa wastani, mawingu ya kawaida ya Uholanzi. Nikaridhika. Utabiri niliufungua lakini sikuusoma mpaka mwisho, na mwisho wake ndiko kulikuwa na mstari huu:

TEMPO 1618/1622 23025G38KT 4000 SHRA BKN009

Mzee aliufuata kwa kidole neno kwa neno. Tarehe 16, kati ya saa 18 na saa 22 kwa saa za Greenwich, yaani saa tatu usiku hadi saa saba kwa saa zetu, kutakuwa na vipindi vya upepo kutoka nyuzi 230, kasi ya kilomita 46 kwa saa, na mivumo ya kufika 70. Kuona mbele mita 4,000. Manyunyu ya mvua. Mawingu futi 900 juu ya ardhi. Mimi nilitarajia kufika saa 18:40 ya Greenwich.

"Ulisoma ya sasa," akasema. "Ndege haifiki sasa."

Upepo ule peke yake hauizuii A320 kutua. Tatizo ni unachokifanya kwa uwanja. Wengi wetu Afrika Mashariki tunaijua Schiphol kwa kusubiri ndege ya kuunganisha, na ukikaa dirishani unaona njia za kurukia zimeenea pande zote hadi unachoka kuhesabu. Ni sita. Ungedhani uwanja wenye njia sita hauwezi kukosa nafasi. Lakini tatu kati ya hizo, ikiwemo Polderbaan ya mita 3,800 iliyofunguliwa 2003, zimelala kaskazini–kusini. Upepo wa nyuzi 230 ukivuma kwa nguvu unazipiga ubavuni. Mvumo wa kilomita 70 unakuwa kama kilomita 50 za ubavu, na kwa kiasi hicho Waholanzi huziacha. Zinabaki zile zinazoutazama upepo uso kwa uso: Kaagbaan, ambayo kwa upepo huo hutumika kurukia, na Oostbaan, njia fupi ya mita 2,000 na kidogo iliyo karibu na majengo ya zamani, kwa kutua. Nyakati nyingine huongezwa ile ya mashariki–magharibi.

Kwa maneno mengine, uwanja wa njia sita unageuka uwanja wa njia mbili. Jumapili jioni, saa ambayo kila mtu Ulaya anarudi nyumbani, na kwenye mtandao wetu saa ambayo kila mtu amewasha kompyuta.

Nilipokaribia pwani ya Uholanzi, sauti ya kijana mmoja ikaniambia nishike SUGOL, nitarajie dakika 20. SUGOL ni moja ya nukta tatu ambako ndege zinazokwenda Schiphol hupangwa foleni. Zile za mashariki hupitia ARTIP, za kusini RIVER, na sisi wa London tunakutwa na SUGOL, juu ya Bahari ya Kaskazini. Unazunguka umbo la yai: dakika moja kugeuka, moja kunyooka, moja kugeuka, moja kunyooka. Mizunguko mitano. Kwenye mzunguko wa pili niliacha kuangalia nje nikawa naangalia tarakimu za mafuta tu.

Sasa hesabu. Mpango wangu ulikuwa hivi: kilo 240 za kutembea uwanjani Heathrow, 2,200 za safari, 110 za tahadhari, 600 za kwenda uwanja mbadala ambao niliuchagua Rotterdam, na 1,150 za akiba ya mwisho, yaani zile dakika 30 za sheria. Jumla 4,300. Ukiuangalia haraka haujakosa kitu. Kila fungu linalotakiwa limo.

Fungu la kwanza nilikadiria dakika 20 kutoka geti hadi kupaa. Ikawa 25, kwa sababu ya foleni. A320 ikiwa chini hula kilo 12 hivi kwa dakika, kwa hiyo 60 zikaenda kabla sijapaa.

La tahadhari ndilo lililomfanya mzee atikise kichwa. Nilichukua asilimia 5 ya mafuta ya safari, kama nilivyosoma mahali. Kanuni ya Ulaya inasema asilimia 5, au mafuta ya dakika 5 za kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja, lolote lililo kubwa. Kwa safari ya Nairobi–Amsterdam asilimia 5 ni kubwa mno na hicho kipande cha pili hakina kazi. Kwa safari ya dakika 45 ni kinyume: asilimia 5 ni kilo 110, dakika 5 ni 190. Kanuni iliwekwa na sakafu kwa ajili ya watu wa safari fupi, na mimi nikakanyaga chini ya sakafu.

Nilikuwa nimepungukiwa na kilo 120 kufikia akiba ya mwisho. Ukijumlisha zile 60 na hizi 80 unapata 140. Kwa hiyo makosa mawili madogo, ambayo kila moja peke yake hata usingelitaja, ndiyo yaliyonivusha mstari. Nilipoona hivyo nilifurahi kidogo, nikadhani nimemaliza: nirekebishe hizo mbili, safari nyingine nitatua na kilo 20 juu ya kiwango.

Mzee alicheka. "Bwana mdogo, unatafuta kilo 20 wakati umekosa elfu moja."

Maana swali lake lilikuwa bado palepale. Mizunguko mitano ya SUGOL ilikula kilo 770. Hakuna fungu hata moja kwenye mpango wangu lililoandikwa kwa ajili ya mizunguko hiyo. Nililipa kwa mafuta ya tahadhari, yakaisha. Nikachukua ya Rotterdam, nayo yakaisha. Kisha nikaingia kwenye akiba ya mwisho. Ni kama mtu aliyekwenda mjini na nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na pesa ya dawa ya mtoto, akala chakula cha mchana.

Akanieleza kitu ambacho sikukijua. Rubani halisi, pale anapoona hesabu inamwambia atatua chini ya akiba ya mwisho, hana hiari: anatakiwa kutamka redioni Mayday kwa ajili ya mafuta, na kila mtu anampisha. Kabla ya kufika huko kuna hatua ya kusema mafuta yako yamefika kiwango cha chini na huwezi kubeba ucheleweshaji mwingine. Hiyo haikupi kipaumbele, inawajulisha tu. Mimi sikusema lolote. Nilinyamaza nikazunguka kwa adabu, nikidhani ndiyo uungwana.

Na Rotterdam? Nilijivunia kuichagua. Iko kilomita 45 hivi tu kutoka Schiphol, mafuta yake kidogo, na njia yake moja ya mita 2,200 inautazama upepo ule vizuri. Mzee aliniuliza nani mwingine aliichagua. Schiphol ikifungwa, wote waliozunguka SUGOL, ARTIP na RIVER wanatafuta pa kwenda kwa wakati mmoja, na uwanja mdogo unajaa ndani ya dakika chache. Tena uwanja wa kilomita 45 una mvua ileile, mawingu yaleyale. Kwa siku tulivu Rotterdam inafaa sana. Kwa siku ambayo sababu ya kuhitaji mbadala ni hali ya hewa, unataka uwanja ulio nje ya hali hiyo ya hewa na wenye nafasi. Tukaangalia utabiri wa Brussels kwa usiku ule: upepo mdogo, mawingu juu zaidi. Ni kilomita 160 hivi kusini. Kilo 1,300 badala ya 600.

Hapo nikauliza ambalo nadhani kila msomaji ameshaliuliza: kwa nini usijaze tu matangi ukaondoka kwa amani? A320 inabeba zaidi ya tani 18.

Jibu la kwanza ni dogo. Mafuta yana uzito, na kubeba uzito kunakula mafuta. Watu wa kazi hii hukadiria asilimia 3 hadi 4 ya ulichozidisha kwa kila saa. Kwa safari hii hizo ni senti. Jibu la pili ndilo lililonifungua macho. A320 nyingi zina kikomo cha kutua cha tani 66, wakati kikomo cha kupaa ni tani 73 na nusu au zaidi. Safari ndefu inakula tofauti hiyo njiani. Safari ya Amsterdam inakula tani mbili na kidogo. Ndege yangu pamoja na watu na mizigo ilikuwa tani 60. Kwa hiyo nikitua nisiwe na zaidi ya tani 6 za mafuta, na nikipaa nisizidi 8.2. Ukijaza matangi huwezi kutua mpaka uzunguke masaa. Katika safari fupi uwanja unaokwenda ndio unaoamua uzito wako wakati bado uko Heathrow unapakia.

Kuna na jibu la tatu, la fedha, ambalo mzee alilitaja kwa kupita. Mashirika hupenda kubeba mafuta ya kurudia pale yanapokuwa ya bei nafuu walikotoka. Umoja wa Ulaya umelibana hilo kupitia kanuni ya ReFuelEU: tangu 2025 shirika linatakiwa, kwa hesabu ya mwaka, kujaza kwenye kila uwanja wa Umoja unaohusika angalau asilimia 90 ya mafuta linayohitaji kwa safari zinazoanzia hapo. Schiphol imo. Heathrow, baada ya Uingereza kujitoa, haimo.

Basi tukaandika upya. Kutembea uwanjani 300. Safari 2,200 ileile. Tahadhari 190. Brussels 1,300. Akiba ya mwisho 1,150. Halafu fungu ambalo halikuwepo: dakika 25 za kuzunguka, kilo 960. Jumla 6,100. Ndege itatua na tani 63.6, chini ya kikomo. Kule kubeba tani 1.8 za ziada kunagharimu kama kilo 40 tu.

Angalia mgawanyo huo. Katika kilo 6,100, zinazokwenda Amsterdam kweli ni 2,200, kama theluthi. Nyingine zote ni za kusubiri: kwenye foleni, kwenye mzunguko, au za kwenda kusubiri Brussels. Nilikuwa nimepanga kilomita 370 kwa uangalifu mkubwa na nikasahau kupanga dakika 20.

Dunia halisi ina njia nyingine ya kulimaliza suala hili, na kwa maoni yangu ndiyo yenye akili kuliko zote. Mipango ya safari za Ulaya hupelekwa kwa Eurocontrol, na meneja wa mtandao wao aliyeko Brussels anajua ni ndege ngapi zitafika Schiphol saa fulani. Utabiri ukionyesha uwanja utabaki na njia moja ya kutua, ndege hupewa muda maalumu wa kupaa wakiwa bado geti London: una ruhusa ya kuwahi dakika 5 au kuchelewa dakika 10, ukitoka nje ya hapo unaomba upya. Abiria hukasirika. Wamekaa, mlango umefungwa, jua linawaka London, na rubani anawaambia wanasubiri dakika 40 kwa sababu ya Amsterdam. Lakini dakika ya getini, injini zimezimwa, inakula karibu na bure. Dakika ya foleni inakula kilo 12. Dakika ya SUGOL inakula 38. Aliyewahi kubishana na mhudumu kuhusu kuchelewa kwa namna hiyo, kama mimi, alikuwa anadai apelekwe kusubiri mahali pa gharama zaidi.

Kwa nini basi bado kuna mizunguko, kama kuna mfumo huo? Kwa sababu muda hupangwa kwa utabiri, na TEMPO maana yake ni vipindi. Manyunyu yanaweza kupita saa 18:10 au 18:50 na hakuna ofisi inayojua ni ipi.

Wiki mbili baadaye nilirudia safari ileile, saa ileile, na kilo 6,100. Mara hii nilisoma utabiri mpaka herufi ya mwisho. Upepo ulikuwa mdogo, wa kusini. Njia zote zilikuwa wazi. SUGOL nilipita bila kuambiwa neno, nikapewa Polderbaan, nikatua na kilo 3,500 na ushei. Nilimwandikia mzee kwamba nimebeba mafuta bure. Alijibu kwamba nitakuwa nabeba bure siku nyingi.

Kilichobaki ni kutembea hadi getini. Polderbaan iko mbali kiasi kwamba watu wa Amsterdam hutania kuwa umetua nchi nyingine. Ndege inavuka daraja juu ya barabara kuu ya magari, inapita mashamba, inapita mfereji. Dakika 15 zilinipita nikifuata mstari wa njano, na saa ya chumba cha rubani iliponionyesha muda wote tangu geti la Heathrow ilisoma saa 1 na dakika 25.